Mtoto Njiti Akiwa Wodini: Mwongozo wa Wiki za Kwanza kwa Familia za Dar es Salaam

Mtoto anayezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito huitwa njiti, na kadiri alivyowahi kuzaliwa ndivyo mapafu, utumbo, ngozi na ubongo wake vinavyobaki na kazi kubwa ya kukomaa nje ya tumbo la mama. Aliyezaliwa na wiki 34 au 35 anaweza kuhitaji siku chache tu za kuangaliwa joto na kunyonya, ilhali aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au mwenye uzito ulio chini ya gramu 1,500, kwa kawaida hukaa wodini wiki kadhaa, na aliyezaliwa kabla ya wiki 28 huweza kukaa miezi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia ambayo mtoto wake amelazwa katika wodi ya uangalizi maalumu wa watoto wachanga jijini, iwe Muhimbili, Mloganzila, Amana, Temeke, Mwananyamala, CCBRT au hospitali nyingine. Msimamo wake ni mmoja: mama na baba si wageni wa wodi hiyo. Maziwa ya mama na joto la kifua cha mzazi ni sehemu ya matibabu, tena sehemu ambayo hakuna mashine inayoweza kuitoa, kwa hiyo mipango yote ya nyumbani, kuanzia chakula hadi nauli, ipangwe kwa shabaha ya kumwezesha mama kuyatoa hayo mawili kila siku.

Hatua ya kwanza: mfuate mtoto, na mkusanye taarifa zake

Mara nyingi mtoto huondolewa chumba cha kujifungulia mara tu baada ya kuzaliwa, wakati mama bado anahudumiwa au hajatoka chumba cha upasuaji, na ndugu wanaosubiri nje hubaki bila kujua wamfuate nani. Gawaneni kazi hapo hapo: mmoja abaki na mama, na baba, au shangazi ikiwa baba hayupo, amfuate mtoto hadi wodini. Anayemfuata mtoto ahakikishe kwamba kitambulisho kilichofungwa mkononi au mguuni kina jina kamili la mama, kwa kuwa mtoto ataitwa kwa jina la mama yake katika jalada, kwenye dawa na kwenye vikombe vya maziwa mpaka siku ya kutoka, na si ajabu wodi moja kuwa na akina mama wawili wenye jina moja la kwanza.

Katika saa hizo za mwanzo maswali manne yanatosha: mtoto ana wiki ngapi, ana uzito gani, anapumua mwenyewe au anasaidiwa, na mama aanze lini kuleta maziwa. Majibu yaandikwe, kwa sababu mtu aliyeshtuka husahau hata aliyoyasikia vizuri. Kadi ya kliniki ya mama iletwe mapema, kwani ndani yake mna majibu ya vipimo vya VVU na kaswende, kundi la damu na tarehe ya hedhi ya mwisho. Ikiwa kuna karatasi ya ultrasaundi iliyopigwa katika miezi mitatu ya kwanza iletwe pia, maana hesabu ya wiki inayotokana nayo ni sahihi kuliko ile ya kukumbuka hedhi, na matibabu mengi ya njiti hupangwa kwa kufuata wiki. Daktari atataka pia kujua kama mama alichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla ya kujifungua, na alichomwa lini.

Ikiwa mtoto amezaliwa katika zahanati au kituo cha afya cha pembezoni, tuseme Chanika au Bunju, na anahitaji rufaa, hatari kubwa ya njiani ni kupoteza joto, hata katika jiji letu ambalo watu wazima hutafuta feni. Ngozi ya njiti ni nyembamba, mafuta chini yake ni machache, na mtoto aliyepoa hutumia oksijeni na sukari yake yote kujitafutia joto. Asibebwe akiwa amefungwa khanga tu mapajani mwa mtu. Awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na pampasi, au kifuani pa ndugu mwingine mwenye afya ikiwa mama hawezi kusafiri. Usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga huombwa bila malipo kwa namba 115 kupitia mfumo wa m-mama. Kituo kinachotoa rufaa kiombwe kuipigia simu mapema hospitali itakayompokea, ili nafasi na mashine viandaliwe kabla mtoto hajafika.

Hatua ya pili: anza kukamua maziwa siku hiyo hiyo

Kwa maoni yangu, kama familia ina uwezo wa kusimamia jambo moja tu vizuri katika siku mbili za kwanza, liwe hili. Mama aanze kukamua ndani ya saa 6 baada ya kujifungua, na mapema zaidi akiweza, hata kama mtoto hajaruhusiwa kulishwa. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya rangi ya manjano, hutoka kidogo sana, pengine matone tu, na hapo ndipo akina mama wengi hukata tamaa wakidhani hawana maziwa. Matone hayo yanatosha. Mtoto wa kilo moja huanza kwa kupewa kama mililita moja au mbili kwa mlo, na dang'a imejaa kinga ambazo mtoto hakupata nafasi ya kuzipokea zote kupitia kondo la nyuma.

Namna ya kukamua ni hii. Mama anawe mikono kwa sabuni, aketi akiwa ameegemea, na alikande titi taratibu kwa dakika moja au mbili. Aweke kidole gumba juu na vidole vingine chini, kwenye ukingo wa duara jeusi linalozunguka chuchu, kisha asukume kuelekea kifuani na kubana pamoja bila kuteleza juu ya ngozi, aachie, arudie, na azungushe vidole ili pande zote za titi zikamuliwe. Asivute chuchu, kwani kuivuta huumiza na hakuleti maziwa. Abadilishe titi maziwa yanapopungua kutoka, na kwa jumla atumie kama dakika 20 hadi 30. Pampu zinazouzwa madukani zinafaa maziwa yakishaanza kutoka kwa wingi, lakini kwa dang'a mkono ni bora, maana matone machache hubaki yamenata ndani ya pampu na kupotea.

Wingi wa maziwa hufuata idadi ya mara anazokamua. Lengo ni mara 8 au zaidi kwa siku nzima, na angalau mara moja kati ya saa 8 usiku na alfajiri, wakati homoni inayotengeneza maziwa ipo kwa wingi. Mama akilala usiku kucha kwa wiki mbili za mwanzo, maziwa hupungua, na kuyarudisha baadaye ni kazi ngumu kuliko kuyatunza. Kikombe kiwe cha mdomo mpana, kimeoshwa kwa sabuni na kuchemshwa, na kiandikwe jina la mama, tarehe na saa. Maziwa yasiyowekwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 4, na mapema zaidi katika joto la Januari na Februari. Ya friji hukaa salama kwa saa 24. Mama aliyeruhusiwa kwenda nyumbani huku mtoto akibaki ayabebe kwenye kisanduku chenye barafu, na asiyaache kwenye mkoba wa kawaida wakati daladala limenasa kwenye foleni ya Mbagala au Ubungo.

Mama anayeishi na VVU na anayetumia dawa zake sawasawa humpa mtoto wake maziwa yake mwenyewe, huku mtoto akipewa dawa ya kinga. Jambo hili azungumze na muuguzi kwa faragha mapema, asingoje kuulizwa.

Familia isilete maziwa ya kopo bila agizo la daktari. Njiti anayelishwa maziwa ya kopo yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa unaoozesha utumbo, ambao huanza kwa tumbo kujaa, matapishi ya kijani au damu kwenye choo, na ambao huua. Maji ya sukari na maji ya dawa za tumbo hayamfai kabisa. Wazee wa Kiislamu wanaotaka kumlambisha mtoto tende au asali wasubiri, na asali isitolewe mpaka mwaka mmoja utimie. Kuadhini kwa sauti ya chini sikioni, baada ya kunawa mikono na kupata ruhusa ya muuguzi, hakuna madhara, kama ambavyo ubatizo wa dharura kwa tone la maji safi hauna madhara kwa familia ya Kikristo inayouhitaji. Kunyoa nywele kungoje mtoto akue.

Hatua ya tatu: zifahamu mashine

Mzazi anayeingia kwa mara ya kwanza huona nyaya na mipira kabla ya kumwona mtoto. Chupa, ile sanduku la kioo, kazi yake ni joto: humwezesha mtoto kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kila dirisha lake linapofunguliwa joto hupotea, na ndiyo sababu muuguzi hukuomba ulifunge upesi.

Mapafu ndiyo hueleza mengi ya yale unayoyaona. Ndani ya mapafu yaliyokomaa kuna utelezi unaovizuia vijifuko vya hewa visishikane mtoto anapotoa pumzi, na njiti huzaliwa kabla haujatosha, hivyo kila pumzi kwake ni kama ya kwanza: anakoroma, pua zinapanuka, kifua kinabonyea. Msaada unaotumika sana ni mashine inayosukuma hewa puani kwa msukumo mdogo usiokatika, ambayo wauguzi huiita CPAP, na hewa hiyo huvifanya vijifuko visifunge. Ni kawaida tumbo kujaa hewa kidogo akiwa juu yake, na muuguzi huitoa kwa mpira unaopita mdomoni hadi tumboni. Baadhi ya watoto hupewa dawa ya utelezi huo moja kwa moja mapafuni, pale inapopatikana.

Pamoja na mapafu kuna suala la kusahau kupumua. Ubongo wa njiti haujazoea kutoa amri hiyo bila kukoma, na mtoto anaweza kusimama kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, akabadilika rangi na mapigo ya moyo yakashuka. Hupewa dawa ya kuamsha upumuaji, mara nyingi kafeini au aminofilini, na wengi huacha tabia hiyo wanapokaribia wiki 34 hadi 36, zikihesabiwa tangu mwanzo wa ujauzito. Ukimwona amesimama kupumua, mguse nyayo au msugue mgongo taratibu, na wakati huo huo mwite muuguzi kwa sauti.

Namba ya oksijeni kwenye skrini huwafanya wazazi wahangaike, nayo inahitaji maelezo. Kwa njiti anayepewa oksijeni, lengo la kawaida ni kati ya asilimia 90 na 95, wala si 100, kwa sababu oksijeni iliyozidi huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya macho na inaweza kumpofusha. Kwa hiyo usimwombe muuguzi aongeze oksijeni ili namba ipendeze, na usiguse kitufe chochote. Kengele inapolia, mtazame mtoto kwanza: akiwa na rangi nzuri na kifua kinapanda na kushuka, pengine ni waya uliolegea mguuni, akiwa amebadilika rangi, usingoje.

Taa za buluu ni tiba ya manjano, inayotokana na ini changa kushindwa kuondoa mabaki ya damu upesi. Mtoto hufunikwa macho na kuachwa na pampasi tu ili mwanga ufike kwenye ngozi. Kumwanika juani asubuhi hakuchukui nafasi ya taa hizo; kwa njiti humpoza au kumchoma, na manjano ikizidi huingia ubongoni.

Hatua ya nne: mikono

Vua saa, pete na bangili nje ya mlango, kunja mikono ya nguo, na nawa kwa sabuni hadi viwiko kila unapoingia na kila unapotoka kugusa simu. Mwenye mafua, kuhara, jipu au malengelenge mdomoni asiingie, awe nani. Hili la wageni lisemwe na baba au mtu mzima wa familia, mama asiachiwe kazi ya kumkatalia mama mkwe au wifi. Mtoto mwenye ngozi nyembamba namna hiyo hupata maambukizi ya damu kwa vijidudu ambavyo kwako havifanyi lolote, na wimbi moja la maambukizi linaweza kuikumba wodi nzima.

Hatua ya tano: mweke kifuani

Utaratibu wa kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, uitwao kangaruu, ulianza mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, katika hospitali iliyoelemewa na watoto na yenye upungufu wa machupa, na kwa miaka mingi ulionekana kuwa njia ya maskini kwa mtoto aliyekwisha kupona. Mtazamo huo umepitwa na wakati. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, walikufa asilimia 12.0 katika siku 28 za kwanza, ikilinganishwa na asilimia 15.7 ya waliosubiri kwenye machupa kwanza, na utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Tangu 2022 shirika hilo linapendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, kwa njiti wote isipokuwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe, anayehitaji mashine ya kumpumulia, au aliye katika mshtuko.

Kwa hiyo usisubiri kuambiwa. Muulize muuguzi kila zamu: "Naomba kujua, leo anaweza kuwekwa kifuani?" Akiwa kwenye oksijeni ya puani au kwenye CPAP jibu linaweza kuwa ndiyo, ikiwa kuna muuguzi wa kusaidia kushika mipira.

Mama avae nguo inayofunguka mbele na asivae sidiria. Mtoto abaki na pampasi, kofia na soksi tu, aliyesimamishwa wima katikati ya matiti, kifua chake kikigusa kifua cha mama, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili shingo isijikunje na kuziba njia ya hewa. Miguu ikunjwe na kupanuliwa kama ya chura, mikono ikunjwe karibu na uso. Kisha afungwe kwa kitambaa kinachovutika au kwa khanga iliyokunjwa, ukingo wa juu ukiwa chini kidogo ya sikio, imbane kiasi cha kumzuia kuteleza mama anaposimama, lakini isibane tumbo lake, kwani njiti hupumua kwa tumbo. Mama alale akiwa ameinuka nusu, mgongo ukiegemea mito. Kila kipindi kiwe cha saa moja au zaidi, kwa sababu kumtoa na kumrudisha mara kwa mara humchosha.

Baba anaweza kufanya hivyo hivyo, na bibi pia. Kifua cha baba huleta joto sawasawa, na mama aliyefanyiwa upasuaji anahitaji saa za kulala. Naisisitiza nafasi ya baba kwa sababu bado kuna familia zinazoona aibu mwanamume kuvua shati wodini. Muuguzi atamwekea pazia, na mtoto hatajua aibu hiyo. Kangaruu huendelea mpaka nyumbani, hadi mtoto afikie kama kilo 2.5 au aanze kujinyonganyonga akitaka kutoka.

Hatua ya sita: zifuate siku kwa siku, na jiandae kwa siku mbaya

Uzito utapungua kwanza. Njiti hupoteza asilimia 10 hivi ya uzito wake katika wiki ya kwanza, wadogo sana hata zaidi, na huurudisha mnamo siku ya 10 hadi 14. Baada ya hapo lengo ni gramu 15 au zaidi kwa kila kilo kwa siku, yaani mtoto wa kilo 1.2 aongeze kama gramu 18 au 20. Mizani ya siku moja isikutishe. Tazama siku tatu mfululizo.

Kuna siku mtoto aliyekuwa akiendelea vizuri atarudishwa kwenye oksijeni, maziwa yatasimamishwa na dripu itawekwa upya. Sababu inaweza kuwa maambukizi, utumbo, upungufu wa damu, au mshipa ulio karibu na moyo ambao ulipaswa kujifunga na haujajifunga. Omba kuzungumza na daktari baada ya mzunguko wa asubuhi, na uulize: kilichobadilika ni nini, mnafanya nini, na tutajua lini kama kimesaidia. Akihitaji kuongezewa damu, ndugu wanaweza kuombwa wachangie benki ya damu. Damu haiuzwi, na anayetaka kukuuzia aripotiwe kwa uongozi wa hospitali.

Wapo watoto ambao hawavuki, hasa waliozaliwa kabla ya wiki 28. Mzazi ana haki ya kuambiwa ukweli mapema, kumshika mtoto wake na kumpa jina. Mama ambaye halali hata anapopata nafasi, hali chakula, analia kila siku au anaogopa kumgusa mtoto anaumwa na anahitaji msaada; ndugu wamweleze muuguzi badala ya kumwambia ajikaze.

Hatua ya saba: panga nyumba na kazi

Mila ya arobaini inamtaka mzazi akae ndani, akandwe kwa maji ya moto na alishwe. Kiini chake, yaani mapumziko na chakula, kihamishiwe hospitali: mtori, supu, uji wa ulezi na maji mengi vifuate ratiba ya kuingia wodini, na mwenye kidonda cha upasuaji asikandwe tumbo. Mama asiyeweza kulala hospitali akae kwa ndugu aliye karibu, hata kama nyumbani kwake Gongo la Mboto au Kibaha ni pazuri zaidi, maana saa tatu za barabarani kila siku ni saa tatu zilizotolewa kwenye kukamua na kangaruu.

Kuhusu gharama, sera ya afya inawasamehe watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, lakini mara nyingine familia huombwa kununua dawa au vifaa vilivyokwisha. Mkishindwa, nendeni kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla deni halijakua, wala msimwondoe mtoto. Mwenye bima aulize mapema utaratibu wa kumsajili mtoto. Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na marekebisho ya 2025 yameongeza muda kwa mama wa njiti; omba barua ya daktari inayotaja wiki za ujauzito mtoto alipozaliwa, na ipelekwe kwa mwajiri mapema.

Hatua ya nane: kutoka mpira hadi titi

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja huja mnamo wiki ya 34 tangu mwanzo wa ujauzito, na kumlazimisha kabla ya hapo humkaba. Kabla ya wakati huo, anapolishwa kwa mpira akiwa kifuani, mwache alambe titi lililokamuliwa, azoee harufu na ladha. Baadaye hupewa kikombe kidogo kilichogusishwa mdomo wa chini, naye hulamba mwenyewe, usimmiminie. Chupa ya chuchu iachwe, kwa kuwa ni ngumu kuisafisha na humfanya alikatae titi.

Hatua ya tisa: kwenda nyumbani

Hospitali nyingi humruhusu anapotunza joto lake nje ya chupa, ananyonya au kunywa kwa kikombe maziwa yake yote, ameongezeka uzito siku kadhaa mfululizo, na hajasimama kupumua kwa siku kadhaa. Kabla hamjatoka, hakikisheni mna tarehe ya kurudi, maelekezo ya matone ya vitamini na madini ya chuma, na tangazo la kizazi. Nyumbani chumba kisiwe na moshi wa jiko la mkaa, sigara wala udi, feni isimpulize, alale chali ndani ya chandarua, na kitovu kisipakwe kitu ambacho hospitali haikuagiza. Hongera za majirani zipokelewe sebuleni.

Mrudisheni hospitali usiku huo huo akikataa kunyonya, akiwa baridi licha ya kuwekwa kifuani au akiwa na joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea, akidegedeka, akilegea, viganja na nyayo vikiwa vya manjano, au tumbo likijaa na kutapika kijani.

Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500 apimwe macho mnamo wiki ya 4 baada ya kuzaliwa, hata kama bado yupo wodini, na mzazi aulize mwenyewe tarehe hiyo, kwani ugonjwa wa macho wa njiti hutibika kwa muda mfupi tu kabla haujapofusha. Masikio yapimwe pia. Katika kuangalia ukuaji, kama kukaa na kutambaa, mtoto aliyewahi kwa wiki 10 ahesabiwe umri wake kwa kuondoa wiki hizo 10, na msimlinganishe na wa jirani. Chanjo ni tofauti: ya kifua kikuu hungoja mara nyingi mpaka uzito ufike kilo 2 au siku ya kuruhusiwa, lakini zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, na apelekwe kliniki kwa tarehe hizo hata kama bado anaonekana mdogo.